Mbwa Aliyeogopa Breki za Upepo

Tunduma, 3 Juni 2024

Baba,

Shikamoo. Mimi mzima, kifua tu kinakwaruza kwa vumbi na moshi wa magari. Goti lako je? Na ng'ombe, wamepata majani kiangazi hiki? Najua utashangaa kuuona mwandiko wangu baada ya miaka sita. Barnaba, yule anayepakia ng'ombe wa mnadani kwenye Fuso, ameniambia huko kwako simu haishiki mpaka upande kilima. Amekubali kubeba barua.

Nina shida ya mbwa. Nafanya kazi getini kwenye yadi ya malori ya Mzee Abdulwahab, mtu wa Kondoa, kando ya barabara ya kwenda mpakani. Foleni inasogea, inasimama, inasogea, kutwa nzima. Mbwa wa yadi anaitwa Watasema. Aliachwa na mtu wa Vwawa aliyehama. Lori likiachia breki za upepo, anaruka na mnyororo wake kama amemwagiwa maji ya moto, halafu anamvamia aliye karibu. Wiki iliyopita alichana suruali ya dereva wa Zambia. Mzee akaniita: "Binti, mimi sina ugomvi na mnyama, lakini madereva wataikimbia yadi. Mpaka mwisho wa Julai asipotulia, bwana mifugo atamchoma sindano ya mwisho."

Barnaba anasema siku hizi watu wanakuletea mbwa wakorofi na wanarudi nao wapole. Sikumwamini. Kama ni kweli, nitumie huo mzizi unaowapa.

Binti yako,
Nyanzobe


Msangano, 11 Juni 2024

Nyanzobe mwanangu,

Marahaba. Goti linauma, nami nimezoea kuchechemea. Ng'ombe wanashuka hadi mtoni, wamekonda lakini wapo. Barua yako nimeisoma mara tatu nikiwa nimesimama.

Mzizi hakuna. Huyo mbwa si mkali, ni mwoga. Anabweka ili lori liondoke, na kwa kuwa malori huondoka, anaamini yeye ndiye anayeyafukuza. Fikiria kazi hiyo, kufukuza malori ya Tunduma kutwa.

Mtoe kwenye mnyororo. Tumia kamba ndefu, uiache ilegee. Ukiikaza unamwambia kwamba na wewe unaogopa. Nenda naye mbali na barabara mpaka uone masikio yamelegea, uhesabu hatua, mwanzie hapo. Akilitazama lori bila kubweka, mpe dagaa papo hapo. Akianza kukakamaa umeshachelewa, geuka naye mwondoke taratibu. Usimfokee. Anataka kujua kama kuna mtu anayeyaangalia malori kwa niaba yake. Akiona ni wewe, atapumzika. Ukiharakisha, mtarudi mwanzo.

Baba yako,
Ngassa


Tunduma, 25 Juni 2024

Baba,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta salama. Huku afya ipo, usingizi ndio haba.

Tulianza hatua sitini, kwenye uwanja wa nyuma. Siku ya kwanza hakugusa dagaa, alidondosha mate tu. Siku ya nne alitafuna. Siku ya tisa lori la mafuta likapita, akalitazama, halafu akanigeukia mimi. Nilicheka kwa sauti. Mwila, dereva wa Ndola, akanisalimia kwa Kibemba, "Mulishani, dada! Unaongea na mbwa?" Nikamjibu kwamba mbwa ananielewa kuliko madereva.

Juzi nimeharibu. Mzee alikuwa amesimama anatazama, nikataka kumwonyesha. Nikamsogeza Watasema hadi hatua ishirini. Akaruka. Nikamchapa na fimbo ya getini mara mbili, nikamfokea, "Mjinga wewe, huna akili!" Maneno yako hayo, Baba, na sauti ilikuwa yako. Alijikunyata chini ya tela, hakutoka mpaka jioni.

Wewe hukuwa mtu wa kamba kulegea. Uliyajifunza wapi haya?

Binti yako,
Nyanzobe


Msangano, 2 Julai 2024

Nyanzobe mwanangu,

Marahaba. Mwili haujambo. Umeuliza, nitajibu.

Nilijifunza kwa Kisu, mbwa wako. Ulipoondoka hakukaa tena nyumbani nikiwepo. Alikula nikishatoka. Nilimfokea, nikamfunga, akatafuna kamba. Ng'ombe wakawa hawana mlinzi. Mwisho nikaanza kukaa nje na bakuli la ugali, nimempa mgongo, kila siku asubuhi. Ilimchukua mwaka na miezi miwili kuweka pua kwenye kiganja changu. Siku hiyo hiyo nikanyanyua mkono kujikuna sikio, akakimbia, akapotea siku nne.

Alikufa mwaka juzi, kwa uzee. Nimemzika kando ya zizi.

Kwa Watasema, rudi hatua sitini. Msamaha wa mdomo mbwa haujui. Uwe vile vile leo, kesho na kesho kutwa, mpaka achoke kukungoja ubadilike.

Baba yako,
Ngassa


Tunduma, 9 Julai 2024

Baba,

Shikamoo. Nimemlilia Kisu getini, madereva wakadhani nimefiwa na mtu.

Watasema amenirudia. Tupo hatua hamsini.

Lakini nimeisoma barua yako, nikaigeuza nyuma, nikatafuta. Kisu alikimbia kwa sababu alikuona ukinipiga na fimbo ya kuchungia. Nilikuwa na miaka kumi na saba. Ng'ombe wanne walipotea kwa sababu nilisinzia kwa homa. Umemwandika mbwa aliyeona. Mimi niliyepigwa sina hata mstari?

Binti yako,
Nyanzobe


Tunduma, 6 Agosti 2024

Baba,

Shikamoo. Wiki nne sasa. Barnaba anasema u mzima na barua alikupa mkononi. Basi.

Tulifika hatua thelathini na tano. Yadi yenyewe ina upana wa hatua ishirini, kwa hiyo humo ndani lori liko karibu naye daima. Hilo sikulifikiria. Tarehe 27 Julai nilikuwa nampitisha getini, tairi la tela likapasuka pale pale. Anyitike, mama anayetupikia, alikuwa anapita na sinia. Watasema akamng'ata mkono, nyuzi saba. Nimempeleka hospitali mwenyewe, sindano za kichaa cha mbwa namsindikiza kila tarehe yake. Bwana mifugo aliagiza mbwa afungwe siku kumi aangaliwe. Zimeisha, hana ugonjwa. Ila Mzee amesema Jumamosi saa nne ndiyo mwisho. Anyitike ana watoto watatu na ugali anasongea mkono huo huo.

Nashindwa kukaa. Natembea kutoka getini hadi ukutani, naye kwenye mnyororo anatembea vile vile.

Nyanzobe, binti yako


Msangano, 8 Agosti 2024

Mwanangu,

Barua hii nimeianza mara nne nikaichana. Leo Barnaba anangoja, injini inawaka, siwezi kuichana tena.

Wale ng'ombe wanne walirudi wenyewe siku ya tatu. Wewe uliondoka ya pili. Nilijua uko Vwawa kwa shangazi yako Fausta. Ningeweza kupanda gari nikuambie. Sikwenda, maana kukuambia kulikuwa kukiri kwamba nilikupiga bure. Miaka yote hii nimeona kwamba hata wangepotea moja kwa moja, bado nilikupiga bure. Ulikuwa na homa, na nilijua una homa. Nilikosa, Nyanzobe. Sina la kuongeza hapo.

Mbwa mlete. Hukumfundisha vibaya, mahali ndipo pamemshinda. Huku gari hupita siku ya mnada tu. Sikuombi ukae. Ukitaka, mwache kwangu ugeuke siku hiyo hiyo.

Baba yako,
Ngassa


Tunduma, 9 Agosti 2024

Baba,

Shikamoo. Nimeipata jana jioni.

Leo Mzee aliporudi kutoka swala ya Ijumaa nilimfuata, nikamwomba nimlete mbwa kwako. Akasema, "Mchukue. Lakini asirudi hapa, na Anyitike aridhie." Nikaenda kwa Anyitike. Alinitazama, akautazama mkono wake, akasema, "Mwondoe nisimwone. Kufa kwake hakuniponyi." Baadaye akaja na viazi vitamu vya kuchemsha, akaviweka mbali na mnyororo. "Vyako hivi. Si vya huyo."

Tulijaribu kumpandisha kwenye Fuso ya Barnaba. Injini ilipowaka alijikojolea, akatetemeka mpaka meno yakagongana. Nikamshusha. Tutatembea. Kesho alfajiri tunaiacha barabara kuu, tunashika njia za mashambani. Siku mbili, labda tatu. Nimemshonea kifunika mdomo cha turubai, nimechukua kamba ndefu na dagaa. Mzee amenipa ruhusa ya wiki moja. Kama nitairudia kazi sijui, na usiniulize nikifika.

Barnaba atatutangulia na barua hii. Nimemwomba asipige honi akituona njia zinapokutana. Kwa hiyo utaisoma kabla hujaniona. Sijakusamehe bado, Baba. Nimeona ulijue kwa maandishi, ili tukionana tusianze na hilo. Tuanze na maji ya kunywa.

Binti yako,
Nyanzobe