Indra Hana Pikipiki

Mpendwa Skola, mpenzi wangu wa zamani,

Tangu mji huu uitwe Sumbawanga hajazaliwa dereva wa boda wa kunigusa. Mvua ikishuka wenzangu wanajibanza vibarazani. Mimi napita, na radi ndiyo inayonipisha. Unajua mwenyewe.

Sasa niambie, Indra ana nini ambacho mimi sina? Ile likizo ulipokuja na madaftari ya chuo, ulikaa jikoni kwa mama yako, mtaani Katandala, ukinisimulia dini ya kale ya India, ya zile Veda, nyimbo zao takatifu zilizokaririwa kwa kichwa kabla ya kuandikwa. Ukifika kwa Indra, mungu wao wa radi, sauti inabadilika. Eti kalipiga kwa radi joka lililoziba mito, maji yakatiririka. Eti hicho kinywaji chao, soma, anakimaliza peke yake.

"Pikipiki anayo?" nikakuuliza. Ulicheka mpaka mama yako akaja kuangalia mahindi motoni.

Varuna, mungu anayeona kila uongo na kuwafunga waongo kwa kamba, tusingeelewana. Niliyempenda ni Agni, moto wenyewe, anayepokea sadaka na kuwapelekea miungu juu. Nikasema huyo boda mwenzangu. Ukachota kijiko cha samli, ukamwagia kuni, moto ukaruka.

"Ameshapokea," ukasema.

"Samli yangu hiyo, nyie," mama yako akasema.

Halafu wewe, macho kwenye moto: "Ila mtoa sadaka lazima aketi na mkewe. Bila mke ibada haikamiliki. Wewe ungeketi na nani?"

"Wako wengi tu hapa Katandala. Wapange foleni."

Ukafuta kijiko, ukakirudisha mahali pake. Hukunisimulia tena.

Jana ulituma picha. Mnaigiza ile ibada darasani, moto mdogo mbele, na aliyekaa kama mtoa sadaka ni yule mwenzako mwenye miwani. Pembeni yake wewe. Nimeikuza mpaka nikapima kwa vidole nafasi iliyo kati yenu: vinne. Na moshi ule ni wa kuni mbichi. Msomi mzima, kuchagua kuni hawezi.

Mama yako hajambo, nikipita namwamkia. Kaa salama huko.

Majigambo yameniishia. Foleni haikuwepo, Skola. Hata mmoja hakuwepo. Uliniuliza ningeketi na nani, na niliyemtaka alikuwa mbele yangu, kashika kijiko cha samli.

Ni mimi,
mchumba wako ambaye hakuposa