Ng'ombe wa Nauli Yako

Kanyakine, Meru,
9 Novemba 2025.

Mpendwa kaka yangu Muriuki,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. U hali gani na joto la huko Doha? Huku mvua imeshika, baridi inatuuma vidole tukichuma chai, lakini sote tu wazima. Mama pia ni mzima wa mwili. Moyo wake ndio unaonifanya nikuandikie.

Tafadhali usiikunje barua hii kabla hujaimaliza. Nimempa Kirimi wa mzee Gikunda, anayerudi huko kazini, akuletee mkononi, kwa sababu siku ile tulipokupigia kwa simu yake ulisema kama mama hakujui basi, ukakata. Sikulaumu. Nilibaki nimeishika simu ya watu kama mjinga.

Wacha nikueleze ilivyoanza. Mwezi wa nane mama alipata ujumbe kutoka namba ya mke wa mchungaji. Ulisema kuna maombi maalum ya watoto walio ng'ambo, na kwamba kila mama atatumiwa namba sita, azirudishe ndipo aingizwe kwenye kundi la maombi. Ningekuwa karibu ningemwambia namba hizo ni ufunguo, hazipewi mtu hata awe askofu. Lakini nilikuwa nimeenda Makutano kutafuta mbolea. Na mama unamjua. Angemnyimaje mke wa mchungaji, tena anayeombewa ni wewe?

Kumbe namba ya mke wa mchungaji nayo ilikuwa imeshaibwa. Kabla ya jioni mwizi alikuwa ndani ya WhatsApp ya mama, na picha yake ile ya sare ya kanisa, akiwaambia watu amelazwa. Mama mdogo Ciakuthii wa Gachoka akauza mbuzi, akatuma pesa. Nilihangaika siku kadhaa hadi nikairudisha WhatsApp hiyo, nikaweka namba ya siri, nikawaonya wote. Simu ilipona. Mama hakupona.

Sasa haamini chochote kinacholia. Ujumbe wa kweli wa bonasi ya majani ya chai ulipoingia, aliukemea kwa jina la Yesu, akaufuta. Tulicheka sana, halafu tukaona si jambo la kucheka.

Mimi ndiye niliyemfundisha kwamba mtu akipiga kwa namba ngeni, amuulize jambo ambalo ni wa nyumbani tu anayelijua. Nilijiona mwerevu. Basi simu yako ilipopotea, ukampigia kwa namba mpya, akakuuliza ng'ombe aliyeuzwa ili upate nauli aliitwa nani. Ukasema Malkia. Ndugu yangu, Malkia alikufa ukiwa darasa la sita! Mama akakuita mwizi, akakata. Jioni alinisimulia kwa furaha jinsi alivyomnasa mtu anayejifanya Muriuki, hata sauti ameiga. Sikujua kuwa ni wewe mpaka Kirimi alipokuja likizo akanieleza ulivyoumia.

Nimemweleza mama hadi nimechoka. Kirimi alitaka kumwonyesha uso wako kwenye simu, mama akasema hata yule mwizi alikuwa na picha yake. Kisha anakaa jikoni akiniuliza mbona Muriuki hapigi, kwani tumemkosea nini. Kaka, nimeshindwa. Nimekaa katikati, kila mmoja wenu analia upande wake, na sina la kufanya.

Ng'ombe aliitwa Bonasi, kwa kuwa baba alimnunua kwa bonasi ya chai. Nilipanga kukuandikia jina hilo tu, upige, ulitaje, yaishe. Lakini jana mama aliniambia amebadilisha swali. Nilipomwomba anidokezee, alikataa. Alisema mimi pia nina simu.

Mama mdogo Ciakuthii anakusalimu, wala hana kinyongo kuhusu mbuzi wake. Mukami wangu anakusalimu pia, ameanza shule. Salamu za mama sina. Nilipomwambia nakuandikia, aliuliza anwani hiyo nimepewa na nani.

Mungu akufunike kazini na akulainishe moyo. Piga tena, tafadhali, usimwache hivi. Ila kabla hujapiga, kaa chini ukumbuke nyumbani, kila kitu unachoweza kukumbuka.

Ni mimi dada yako, nisiyekuchoka,

Kajuju.