Mlango wa Mama Asende

Mjukuu wangu Riziki,

Jambo sana huko Bukavu. Hapa Baraka tuko wazima, na shangazi yako amejifungua mutoto wa kike.

Unaniuliza kama ununue ile nyumba ndogo ya bei nafuu. Miaka ya hamsini baba alinunua ya udongo hapa, tukashuka kutoka Fizi. Tulikuta muuzaji ameng'oa mlango na kuondoka nao, maana mbao zilikuwa ghali. Jua lilikuwa linatua, mama amepakata mapacha wachanga, na chui alikuwa ameonekana karibu.

Jirani tusiyemjua wa ng'ambo ya njia, Mama Asende, akaja na bwana yake wamebeba mlango.

"Mumeutoa wapi?" baba akauliza.

"Kwetu. Batoto betu bako na kelele sana, chui atakimbia mwenyewe!" Mama Asende akajibu.

Wakaupachika mlangoni petu, wakaenda zao wakicheka.

Nilikuwa kijana wa haya. Nilisimama tu nikitazama kwao: mlangoni walining'iniza mkeka, na nyuma yake watoto walikuwa wakiimba.

Bei umeniandikia, vyumba pia. Sasa niambie: ng'ambo ya njia anakaa nani?

Babu yako anayekuwaza