Sifa Alizoniandikia Mzee Ekidor

Kakuma, Turkana
Jumapili, baada ya alasiri

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo, na assalaam aleikum kwenu nyote hapo Vanga. Mwanao ni mzima wa mwili, alhamdulillahi, ila midomo imepasuka kwa upepo na kila nguo yangu nyeupe imegeuka rangi ya udongo. Wewe je? Lile goti linakusumbua bado ukikaa mbele ya karai? Na macho, moshi umeyaachia? Kaka Mbwana ameshaliezeka paa upande ule unaovuja, au anangoja mvua imkumbushe?

Najua utashangaa kuletewa barua na dereva wa lori ilhali simu ninayo. Lakini simu yenu ikilia, mama, huwekwa sauti ya nje, na kila apitaye uani hutia neno lake. Mara ya mwisho nilitaka kukwambia jambo zito, nikamsikia Bi Mwanasha jirani akiniuliza nitaolewa lini. Haya ya leo ni yako peke yako. Mbwana akikusomea, akusomee chumbani.

Ni habari ya chuo. Nilikwambia nimeomba kwenda kusoma shahada ya pili ng'ambo, elimu ya ubongo na mishipa ya fahamu. Ukaniuliza, "Ya kutibu wendawazimu?" nikacheka, na hapo mtandao ukakatika. Si wendawazimu, mama. Ni kujua ubongo wenyewe unafanya nini humo ndani, na kwa nini mtu mzima aliyekuwa akicheka sasa hivi anaanguka na kutoa povu. Kazi yangu hapa ni kliniki ya kifafa. Wanakuja Waturkana wenyeji wa hapa, wanakuja wakimbizi wa kambini, Wasomali, Wasudani, Wakongo, kila mmoja na mgonjwa wake na lugha yake. Yupo mama mmoja wa Kongo, ana binti wa miaka tisa hivi, aliangukia jiko mkono ukaungua wote. Kila akija neno lake ni hilohilo: "Munganga, mutoto yangu ameanguka tena. Dawa nilimupa, lakini ameanguka tu." Nami namwongezea vidonge vilevile. Mashine ya kusoma umeme wa ubongo hapa hatuna, ya karibu iko Eldoret, na mkimbizi hatoki kambini bila kibali. Kibali kikija, siku ya miadi imeshapita. Basi nasema pole, naandika, namwita anayefuata. Nimechoka kusema pole, mama. Nimechoka hata sauti yangu mwenyewe nikiisema.

Ndiyo maana nikaomba chuo. Nacho si chuo cha kuingia hivi hivi. Wanaoomba ni watoto wa maprofesa, waliokulia ndani ya maabara, na wanaochukuliwa ni wa kuhesabu kwa vidole. Anayechaguliwa hugharamiwa kila kitu, lakini ufadhili una kikomo cha umri, na mwakani mimi kikomo hicho kitakuwa kimenipita. Kwa hiyo ni sasa au basi tena. Nimeandika insha zao, nimefanya mitihani yao, yote nikafaulu. Yakabaki maneno ya watu wawili wa kunidhamini: mwalimu wangu wa zamani, na mtu aliyenisimamia kazini. Huyo wa kwanza aliandika vizuri. Wa pili ndiye aliyenitia katika haya ninayokuandikia.

Mkubwa wangu wa sasa hana hata miezi miwili Kakuma, hanijui mimi wala faili langu. Nikamwendea Mzee Ekidor. Huyu ndiye aliyekuwa mkuu wa kliniki yetu kule Lodwar nilipofika mara ya kwanza, sijui kusema hata ejok, salamu yao. Alinifundisha kazi miaka minne kabla hajastaafu. Alinipa jina la kwao, Nakiru, kwa sababu nilifika siku ya mvua, na huku mvua si kitu cha kila wiki. Wageni wakija hunitambulisha: "Huyu ni msichana yangu, wa kutoka baharini." Kama nina baba hapa duniani baada ya marehemu baba, ni yeye. Nikamwambia, "Mzee, niandikie neno zuri kwa hao watu wa chuo." Nikaishia hapo. Ningemwambiaje zaidi? Unamwelekeza mzee wa watu namna ya kukusemea? Wewe mwenyewe ungenifinya.

Akaandika barua, akawapelekea moja kwa moja, kama wanavyotaka wao, kwa sababu mwombaji haruhusiwi kuiona. Kisha akanipigia simu niteremke Lodwar, ana furaha. Nikateremka Jumamosi, nikachukua bodaboda hadi kwake Kanamkemer, nikakuta watu wamejaa uani na mbuzi amefungwa. Mama, alimwita Abdi mwenye duka, Msomali jirani yake, aje achinje yeye, ili na mimi nipate kula. Mtu akikufanyia hivyo, utamwambia nini tena?

Tulipokwisha kula, akavuta kigoda chake, akavaa miwani, akatoa nakala mfukoni. Akawa anasoma kwa Kiingereza, kisha anawafasiria majirani kwa Kiturkana, kisha ananigeukia mimi kwa Kiswahili ili nisikose hata neno. Nakuandikia kama nilivyoisikia, maana haijanitoka kichwani hata siku moja.

"Mimi ni mzee, sijaomba nyinyi kitu mbele ya leo. Huyu msichana ametoka mbali, hapa hana mtu. Baba yake alikufa. Mama yake ni mjane, anakaanga samaki. Yeye bado hajui mengi, kichwa yake bado ni ya kufundishwa, ndiyo sababu anakuja kwenu. Ana heshima. Hajibu wakubwa. Akikosea, gombezeni mimi kwanza. Mumhurumie. Msirudishe yeye mikono mitupu."

Majirani wakapiga makofi. Bibi mmoja alifuta machozi kwa ncha ya shuka, akanishika mkono, "Ejok, Nakiru, ejok nooi," yaani vyema, vyema sana. Nami nikatabasamu, mama, moyo umenifia kifuani. Na wewe ujue umeshafika ng'ambo kabla yangu, wewe na karai lako la samaki.

Watu walipotawanyika nikajipa ujasiri. Nikamwambia kwa upole kwamba hawa wa chuo hutafuta anayejua, huenda wangependa kusikia kazi nilizofanya: wale wagonjwa niliowagundua mimi, ule utaratibu wa dawa nilioupanga na yeye mwenyewe akakubali utumike. Akanitazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mtoto aliyeuliza jua linalala wapi.

"Nakiru," akasema, "wewe ukienda kuomba ngamia kwa rafiki yako, utaambia yeye boma yako imejaa?"

"Hapana, Mzee."

"Ukisema imejaa, atakupatia?"

"Hatanipa."

"Haya. Si unaona?"

Nikaona. Huku kwao, mama, kuomba si aibu. Asiyeomba ndiye mwenye kiburi, na anayekwenda kuomba mfugo hueleza shida yake, kisha mwenye nacho huona fahari kutoa. Mzee huyu, ambaye mimi sijamsikia akimwomba mtu yeyote hata kiberiti, aliinama mbele ya watu asiowajua kwa ajili yangu. Hakuwa na kikubwa zaidi ya hicho cha kunipa. Na hicho ndicho kitakachonikosesha.

Niliporudi Kakuma nikamweleza Furaha, muuguzi mwenzangu, Mkongo, tunayefanya naye kliniki. Furaha hana dogo. "Dada, andikia bale batu sasa hivi! Sema huyu muzee hakuelewa. Sema ni mutu ya kijijini, mambo ya chuo hajue." Nikakaa mbele ya kompyuta, na nikaandika kweli, lakini hilo la kijijini sikuliweka. Niliuliza tu kama naweza kuleta mdhamini mwingine. Wakajibu kwa adabu kubwa kwamba muda umekwisha, barua zitasomwa kama zilivyopokelewa, na wananitakia kila la heri. Heri yenyewe sijui iko wapi.

Wakaniita kwenye usaili hata hivyo. Nilijiambia labda hawakuisoma. Niliufanyia ofisini kwa mhasibu, ndiko mtandao unakoshika, feni imezima, jasho linanitiririka chini ya mtandio. Walikuwa watatu kwenye kioo. Waliniuliza habari za ubongo, nikawajibu. Mama, nilijibu vizuri, usidhani najisifu. Niliwaeleza ya yule binti wa Kongo, anavyoanza kwa kutafuna midomo kabla hajaanguka, na hilo linaniambia shida huenda ikawa sehemu gani ya ubongo. Mmoja wao aliacha kuandika, akawa ananisikiliza tu.

Kisha mwanamke mwenye mvi akauliza, na sauti yake haikuwa na ubaya wowote. Mmoja wa wadhamini wangu, akasema, anaeleza kwamba bado sijui mengi, na anaomba nipokewe kwa huruma. Nina la kusema?

Lilikuwepo la kusema. Ningeweza kusema la Furaha, kwamba ni mzee wa kijijini asiyeelewa. Ningeweza pia kuwaeleza habari ya ngamia, na nilifungua mdomo nianze. Lakini hata habari ya ngamia ilinitaka niimalizie kwa kusema: kwa hiyo msimwamini, mimi najua. Nimkanushe mzee wangu mbele ya wageni, hayupo, na mbuzi wake nimemla. Mwisho nikasikia sauti yangu inasema, "Mzee wangu amesema kweli. Bado sijui mengi."

Wakanishukuru. Kioo kikazima. Nikalia mpaka mhasibu akagonga mlango anataka meza yake.

Tangu siku ile nazunguka na hasira, na sijui nimkasirikie nani. Mzee siwezi. Wale wa chuo wameuliza swali la haki. Mwenyewe nikijikasirikia, naona ulimi ule sikuuchonga mimi. Unakumbuka nilipofaulu kidato cha nne, wanawake wakaja kukupongeza? Ukawaambia, "Bahati tu hiyo, huyu hata ubwabwa humshika chini." Nilinuna siku mbili. Kumbe ulikuwa unanikinga na kijicho. Nikiwaweka wewe na Mzee Ekidor kwenye mkeka mmoja, mmoja wa pwani, mmoja wa nyikani, mtaelewana kabla chai haijamiminwa.

Majibu hayajaja. Wamesema mwezi ujao. Binti wa Kongo aliletwa tena Alhamisi, safari hii ameuma ulimi, nami nikampa vidonge vilevile. Mzee hupiga simu kila wiki.

"Wamejibu?"

"Bado, Mzee."

"Ni sawa. Mtu akikataa haraka ndio mbaya. Na wakikataa, mimi nitaandika tena. Nitaambia wao nimezeeka, wasinipatie aibu."

Nikamsihi asiandike kitu. Akacheka, akasema nina haya nyingi mno, na ndiyo sababu mtu kama mimi anahitaji baba wa kumsemea. Nikamwambia ahsante. Ningefanya nini, mama? Hebu niambie, ningefanya nini?

Nisalimie Kaka Mbwana, na mwambie ahsante kwa kusoma, na afunge mdomo wake. Wifi yangu mpe pole ya mimba, asinyanyue ndoo. Shangazi Mwanakombo, aliyenifundisha Kurani, mwambie Yaasin naisoma kila Alhamisi sijaiacha. Bi Mwanasha naye mpe salamu, hajakosea kuuliza, lakini bado sijaolewa.

Na wewe, mama, nina ombi moja kwako. Nazijua dua zako, nimelala ubavuni mwako miaka mingi nikizisikia. "Ya Rabbi, huyu mwanangu mnyonge, hana mtu, hajui kitu, msitiri." Safari hii nakusihi usiseme hivyo. Hayo yameshasemwa, na aliyeyasema ananipenda kama wewe. Ukimaliza kusali, funga mlango, na kama unaogopa kijicho basi nong'ona, lakini sema kwamba Zuhura ni hodari, kwamba kazi yake anaijua. Sema mara moja tu. Sijapata kulisikia neno hilo likitoka kwa mtu anipendaye, na mbali nilipo hata ukilisema sitalisikia, lakini nataka liwe limesemwa.

Mwanao,
Zuhura