Shujaa Aliyeomba Asiitwe Tena

Mpendwa mshauri, Mama Kulthumu,

Naomba msaada wako, na naomba usinicheke kabla hujafika mwisho, maana jambo langu limeanzia kwenye mchezo, na najua mwalimu mzima mwenye kuvaa shati lililopigwa pasi akisema amekosa amani kwa sababu ya mchezo watu watauliza kama hana kazi ya kufanya.

Mimi ni mtoto wa kwanza katika familia ya wakulima wa Muyinga, tulikulia Tanzania kwenye kambi ya wakimbizi, tukarudi nyumbani nikiwa kijana, na kwa kuwa baba hakujua Kifaransa na mama aliogopa ofisi, mimi niliyejifunza haraka ndiye niliyekuwa mdomo wa familia, kwenye ofisi ya komini ni mimi, kwa mkubwa wa kilima, yaani kijiji chetu, ni mimi, shuleni kwa wadogo zangu ni mimi, na sasa ninafundisha hapa Gitega, mtaa wa Mushasha, na tangu Gitega iwe makao makuu ya nchi hali imezidi, kwa sababu watu wa kwetu wanaamini kila anayeishi huku anakutana na mawaziri akienda sokoni kununua nyanya, basi kila binamu anayetaka kazi ananipigia simu, mbuzi akiugua napigiwa simu, jirani amesogeza mpaka wa shamba letu napigiwa simu, na hilo la shamba mdogo wangu Letisia alitaka kulishughulikia yeye, anafanya kazi kwenye duka la dawa hapa Gitega, baba alipougua yeye ndiye aliyekuwa anamnywesha dawa, na hana woga na ofisi yoyote, lakini nilimwambia aache, mimi nitalimaliza haraka zaidi, na hadi leo sijalimaliza.

Sasa mchezo. Kuna rafiki yetu Radjabu, fundi cherehani, kwao pia ni Muyinga, ambaye alifundishwa na ndugu yake mchezo wa kukaa mezani na kutunga hadithi pamoja, yeye ndiye msimulizi, na kila mmoja wetu ana mtu wake ndani ya hadithi ambaye anamsemea na kumwamulia, na pale ambapo jambo lina mashaka tunarusha dadu kuona kama tumefaulu. Tunacheza Jumapili mchana kwenye meza yake ya kukatia nguo, tukiwa wanne, Radjabu, mimi, Letisia, na Raissa ambaye ni mwanafunzi. Raissa ni mwizi, Letisia ni tabibu, na mimi nilipewa shujaa mtakatifu, sikuchagua, wote walisema kwa pamoja kwamba hiyo ni ya kwangu, nikamwita Egidius, na kiapo chake mbele ya Nuru anayoitumikia ni kwamba yeyote atakayemwita kwa shida ataitika na kwenda. Mama, mwaka mzima Egidius ameitika. Ameokoa wachimba visima, wajane, ng'ombe, hata mfalme mmoja mjinga ambaye angefaa kuachwa.

Jumapili mbili zilizopita tulifika mwisho wa vita, mji umezungukwa, tabibu wa Letisia yuko ndani na wagonjwa wake, mwizi wa Raissa yuko juu ya ukuta, na Egidius ndiye aliyeshika funguo za lango, na malkia wa giza, adui yetu, akaja peke yake kuzungumza naye. Radjabu huwa anamsemea huyo malkia kwa sauti nyororo, akaanza kuniahidi taji, akaniahidi jeshi, akaniahidi kuishi bila kuzeeka, na kila kitu nilikataa, wenzangu wakawa wanatabasamu kwa sababu walijua nitakataa, mpaka akaniuliza, "Sasa we unataka nini?"

Nikasema, "Nataka nisiitwe tena na mtu yeyote."

Sijui maneno hayo yalitoka wapi. Radjabu aliacha ile sauti ya malkia akaniambia kwa sauti yake mwenyewe, "Sikia, mon frère, ndugu yangu, hapa hakuna kurusha dadu. Hii iko juu yako. Mi sikulazimishi."

Nikasema Egidius anatoa funguo. Nikasema anavua alama ya Nuru anayovaa kifuani anaiweka chini, anamkubali malkia kuwa bwana wake, na anakaa kwenye jiwe kando ya lango. Radjabu akasimulia jeshi likipita, na Letisia akasema tabibu wake anapiga kelele akimwita Egidius kwa jina, na mimi nikasema anasikia, lakini hainuki. Mwizi wa Raissa akafa ukutani, naye Raissa alikasirika kweli, akauliza iweje mwizi afe akitetea mji na mtakatifu akae kwenye jiwe.

Hapa ndipo naona aibu. Nilisikia raha. Mama Kulthumu, wakati watu wale wanaangamia mimi nilisikia mwili wote umelegea kama mtu aliyetua mzigo wa kuni, na nikarudi nyumbani nikalala usingizi ambao sijaupata tangu baba afariki mwaka jana.

Letisia tulitoka naye pamoja tukitembea kuelekea Mushasha, na karibu na kanisa akasimama akaniuliza, "Mbona hukuniita mimi?" Nikamwambia ni mchezo tu, na isitoshe tabibu angefanya nini langoni na kisanduku chake cha dawa. Akasimamisha pikipiki ya abiria akaondoka, na tangu siku hiyo ananijibu kwa neno moja moja.

Nilikwenda hadi kwa padri kuungama, nikaanza kusema nimewafungulia maadui lango na watu wamekufa, padri akashtuka akaniuliza ni kilima gani, ikabidi nimweleze habari ya Egidius na malkia, akaniambia nisali rozari nikapumzike.

Mchezo ungeishia hapo nisingekuandikia. Lakini wiki iliyopita mama yangu alinipigia simu, na mimi nilikuwa nimekaa tu, sina kazi, nikaitazama simu ikiita mpaka ikanyamaza, ikaita tena, nikaitazama tena. Nilipompigia kesho yake kumbe alitaka kunisalimu. Na mwezi ujao ni sherehe ya kumaliza kilio cha baba, kuganduka, ukoo wote utakuwa Muyinga, na baba mdogo Audax ameshaniambia niandae maneno, kwa sababu siku hiyo ataniita nisimame, na mimi nitasema mbele ya watu wote kwamba nimeingia mahali pa baba, kwamba mwenye shida katika nyumba ile aje kwangu. Maneno hayo ni yale yale ya Egidius, Mama. Nitayasema vipi na mimi ndiye niliyekaa kwenye jiwe?

Radjabu ananiambia turudishe mchezo nyuma, aseme ilikuwa ndoto, Egidius aamke akiwa mtakatifu kama zamani. Nikubali? Au ndiyo nimejiona nilivyo, mtu mbaya aliyejificha ndani ya mtu mwema, na baba mdogo atafute mwingine? Nisaidie, siku zinakwisha.

Mimi, Mkubwa wa Nyumba, Mushasha, Gitega.

MAMA KULTHUMU ANAJIBU

Mwanangu Mkubwa wa Nyumba,

Sikukucheka. Nimecheka pale kwa padri tu, na hapo hata wewe ulicheka ulipokuwa unaandika, usinidanganye. Mara ya kwanza nilipoisoma barua yako nami nilitaka kujua ni kilima gani.

Tuanze na hilo la kuwa mtu mbaya, tulimalize upesi. Miaka mingi nasoma barua za watu, na watu wabaya huniandikia pia. Hawaulizi kama ni wabaya. Wanauliza watafanyaje wasigundulike. Wewe uliahidiwa taji ukakataa, ukaahidiwa jeshi ukakataa, ukaomba kuachwa upumzike. Huyo malkia wa Radjabu lazima alishangaa, maana alikuja kununua roho akakuta mwenye duka anataka kufunga tu akalale. Umechoka, mwanangu. Umezika baba na hukupewa hata nafasi ya kumlilia, kwa sababu siku ya msiba nina hakika ni wewe uliyekuwa unatafuta viti. Pole. Pole sana, na nasema kwa moyo wangu wote.

Sasa unisikilize, maana pole imekwisha.

Kuchoka kwa Egidius hakuna kosa. Kosa lake ni kunyamaza mwaka mzima. Alikuwa na tabibu, alikuwa na mwizi hodari aliyekubali kufa ukutani, na siku hata moja hakuwaambia kwamba mzigo umemlemea. Alisubiri mpaka adui amefika langoni ndipo akakumbuka kwamba amechoka, na hapo kuchoka kwake kukawa mauti ya wengine. Na wewe unakwenda huko huko. Umeitazama simu ya mama yako ikiita mara mbili. Safari hii alitaka salamu. Ukisimama mbele ya ukoo ukaapa kwa moyo ulionao leo, iko siku atakupigia akiwa na shida ya kweli, nawe utakuwa umekaa kwenye jiwe lako. Hilo ndilo unaloliogopa, na unafanya vizuri kuliogopa.

Lakini nani aliyekuwekea kiapo hicho? Unasema wao. Mimi nimeona katika barua yako kitu ulichokipitia mbio mbio, kama mtu anayefunika sufuria mgeni asione. Letisia alitaka kwenda mwenyewe kuhusu lile shamba. Hana woga na ofisi, umesema wewe. Ukamkataza, eti wewe utamaliza haraka. Umemaliza? Unalalamika kwamba unaitwa kwa kila kitu, na anayekuja kukushika mkono unamrudisha. Unapenda kuitwa, mwanangu. Kunakuchosha na kunakufurahisha, vyote pamoja. Kuwa mkubwa ni kazi ya heshima, lakini kuna ukubwa ambao ni kiburi kilichovaa shati la pasi.

Ndiyo maana yule dada yako alisimama karibu na kanisa akakuuliza mbona hukumwita. Ukamjibu habari za kisanduku cha dawa! Letisia hakuwa anauliza habari za lango. Alikuwa mezani, alikusikia ukiomba usiitwe tena, na pale pale akamwona kaka yake, si Egidius. Amekuona umelemewa tangu mliporudi kutoka kambini, kila akinyoosha mkono unamwambia aache, na siku ulipoanguka ukaona heri kumwendea malkia wa giza kuliko kumwendea yeye. Hilo linauma. Ningekuwa mimi, hata hilo neno moja moja usingelipata.

Basi fanya hivi. Leo hii mpigie mama yako. Usimpelekee jambo, msalimie tu, muulize amekula nini, umwache aongee mpaka achoke yeye. Kisha nenda kwenye hilo duka la dawa, usubiri Letisia atoke, na umwambie kwa mdomo wako, bila mchezo wala dadu, kwamba huwezi peke yako. Usimpe maelezo marefu ya kimwalimu. Na suala la shamba mkabidhi siku hiyo hiyo, na likishakuwa lake usiende nyuma yake kwenye komini kuangalia kama amelisema vizuri.

Wale binamu wanaotaka mawaziri, waambie ukweli kwamba waziri humjui, na hata nyanya unauziwa bei ile ile wanayouziwa wao.

Kuhusu Radjabu, mshukuru, ni rafiki mwema. Alikuambia wazi kwamba hakulazimishi, na wengi wangesukuma. Ila hiyo ndoto yake ikatae. Ulilosema mezani lilikuwa neno la kweli kuliko yote uliyosema mwaka huu, halifai kufutwa. Mwombe Raissa radhi kwa mwizi wake, alikufa vizuri. Na Egidius mwacheni palepale alipo, hana Nuru, hana anayemwita. Akae. Siku moja atainuka kwa ajili ya mtu bila kuitwa, na hapo wote mezani mtajua yeye ni nani.

Lililobaki ni kuganduka. Usisubiri sherehe. Jumamosi hii nendeni Muyinga, wewe na Letisia, mkae na mama yenu na baba mdogo Audax, mchana, watu wakiwa wametulia, na useme kwamba mahali pa baba utaingia, lakini mtaingia wawili. Baba mdogo atasema haijaonekana mtoto wa kike kusimama siku hiyo pamoja na mrithi. Usibishane naye, ni mkubwa wako na amefiwa na kaka yake. Muulize tu kwa adabu ni nani aliyekuwa anamnywesha baba dawa. Halafu umwache afikiri. Akikataa, rudini tena Jumamosi inayofuata. Mama yako atakuwa upande wenu kabla ya baba mdogo, wanawake tunajua nani hubeba nini ndani ya nyumba, hata kama hatuulizwi.

Na siku yenyewe, utakapoitwa usimame mbele ya ukoo, inuka pamoja naye. Maneno yakikataa kutoka, usiyalazimishe. Mwachie Letisia aseme, wewe simama pembeni yake.

Mama Kulthumu