Usitie Sahihi Orodha ya Geoffrey

Lindi, Kibera
Nairobi
Jumapili, 9 Novemba 2025

Mpendwa mdogo wangu Wayua,

Bwana asifiwe. Natumai joto la Doha limepungua na mgongo wako umeacha kukusumbua. Sisi huku tu wazima. Mama kule Mwala hana neno, ila goti humuuma mvua ikinyesha.

Filister mwenzako wa huko anapanda ndege Alhamisi kurudi, nimempa barua hii akuletee mkononi. Nikipiga simu nitafoka, na kwenye grupu la familia kaka yetu Geoffrey husoma kila kitu. Nimekasirika, Wayua. Nimekasirika sana.

Jumapili iliyopita alituita kwake Kawangware, eti tupange mapokezi yako. Nikadhani tutazungumzia chakula. Kumbe ana daftari la maagizo. Mjomba Kavoi anataka televisheni, mkewe anataka oveni, na Kiarie mwenye ploti ameagiza friji na televisheni mbili. Vyote vipya, ndani ya makatoni, vije katika mzigo wako pamoja na kitanda chako na cherehani yako. Tangu friji iandikwe, Kiarie ameacha kumgongea Geoffrey mlango akidai kodi ya nyumba.

Nikauliza habari ya ushuru. Geoffrey akacheka.

"Wayua anarudi kabisa, watu kama hao hawalipishwi duty. Asaini tu vitu zote ni zake. Nani atajua?"

Jumatatu nikamwuliza Mildred. Huyu ni mama mmoja katika ile ofisi ninayosafisha, na kazi yake ni kujaza fomu za watu wanaotoa mizigo bandarini. Aliweka kikombe chini kwanza. Akanieleza kwamba anayehamia nyumbani moja kwa moja husamehewa ushuru wa vitu alivyokuwa akivitumia mwenyewe kule, mradi visichelewe sana kufika. Televisheni tatu ambazo hata plastiki haijatolewa ni bidhaa, lazima zilipiwe. Ukisema ni zako umeidanganya serikali, na mzigo mzima unaweza kuzuiwa. Hata ile cherehani uliyoitumia kuwashonea wenzako kila Ijumaa kwa miaka sita, ile unayotaka kufungulia duka. Na atakayeitwa kujieleza ni aliyetia sahihi.

Nikampelekea Geoffrey maneno hayo. Akasema nina wivu kwa sababu sikuandikwa. Aniambie hivyo mimi, niliyewabeba nyote wawili mgongoni mama akiwa shambani. Kweli kikulacho ki nguoni mwako.

Nawe pia nimekukasirikia, usidhani umepona. Filister ameniambia tayari umemkubalia Geoffrey, kwamba unaogopa watu watasema umerudi na maringo. Miaka sita umewakatalia mabosi wa huko kazi za ziada, lakini kumwambia ndugu "hapana" kunakushinda. Waache waseme. Maneno hayavunji mfupa, na hakuna hata mmoja wao atakayesimama nawe kwenye dirisha la forodha.

Kwa hiyo orodha uiandike wewe mwenyewe, kwa mkono wako. Kitanda, sufuria, jiko, cherehani, nguo. Risiti za zamani usitupe hata moja. Anayetaka televisheni aende mjini akanunue.

Jambo moja limeniuma kuliko wivu nilioambiwa. Nilisoma daftari lile kurasa zote nne. Wameandika friji ya Kiarie itakaa pembe gani, na kwamba chumba cha nyuma kwa Geoffrey kitawekwa makatoni. Hakuna mahali palipoandikwa wewe utalala wapi.

Shangazi Ndululu anakusalimu, na Musyoka wa kwaya anauliza kama bado unaimba sauti ya pili. Mama anasema uje salama. Mungu akulinde njiani, na akupe kifua cha kukataa.

Utalala kwangu. Chumba ni kimoja na godoro ni la futi nne, tutalala mzungu wa nne, kichwa changu miguuni pako. Hata wakikunyang'anya vyote, njoo.

Dada yako akupendaye hata akiwa na hasira,
Kaluki