Nilimruka Neema Mlangoni

Mama yangu mpenzi,

Mwakeye. Mgongo umepoa? Maharage mmeshapura? Mimi huku ugenini nipo, ila baridi inaingia mpaka kwenye meno. Nimeandika kwa sababu kwenye simu Kaka Festo anaweka sauti kubwa, Kitahana nzima inasikia, na haya nataka uyasome mwenyewe, polepole. Atakuletea yule mwalimu wa Kasulu aliyekuja huku na timu ya riadha.

Mama, uliposema Neema bado hasimami, na ana mwaka na miezi mitano, nilikaa chini palepale. Unakumbuka asubuhi ile naondoka? Pikipiki inapiga honi, mtoto amelala kwenye mkeka mlangoni, nikamruka na begi langu. Ukapiga kelele, "We! Rudi umruke tena, utamdumaza mtoto!" Nikacheka, "Acha ya kizamani, Mama, basi litaniacha Kibondo." Sikurudi. Mimi ambaye kazi yangu ni kuruka.

Niliruka kwa mguu wa kushoto. Ndio huohuo ninaokanyagia kabla ya kupaa juu ya ule mti wanaoulaza kwenye nguzo mbili, na sasa unauma. Ulianza kama mwiba chini ya goti. Siku hizi nikikanyaga nasikia kitu ndani kinalia, kama kijiti kibichi ukikipinda. Daktari alipiga picha akasema mfupa una ufa. Kocha akafunga mlango. "Mashindano ni Jumamosi. Ukivuka, unabaki huku miaka miwili na mtoto unamleta. Usipovuka, unarudi kwenu. Ufa huo usimwambie mtu."

"Na mfupa ukivunjika?" nikamuuliza.

Akaangalia saa yake.

Basi wananichoma sindano ya ganzi. Nikishachomwa siusikii mguu kabisa. Jana nimevuka mti uliozidi kichwa changu, wenzangu wakapiga makofi, nami nikabaki nimelala kwenye godoro naupapasa mguu kama bado upo. Nikakumbuka lile rundo la makapi ya maharage nyuma ya nyumba, wewe na shangazi mmeshika kamba, shangazi anasema, "Pandisha! Huyu ana miguu ya mbuzi!" Mama, nilikuwa natua huku nacheka.

Jumamosi nitaruka. Nikifikiria Neema amelala hapa pembeni yangu, siwezi kusema hapana. Lakini nivuke nisivuke, nitaomba ruhusa nije nyumbani kwanza. Barua hii ikikufikia, Jumamosi itakuwa imepita, utakuwa umeshajua.

Wewe usinisubiri, mpeleke Neema hospitali ya Kibondo wamwangalie miguu. Ila mtu mwingine asimruke kwa niaba yangu, hata shangazi. Ni mimi niliyemruka.

Msalimie Kaka Festo na mke wake, na shangazi mwambie miguu ya mbuzi inamkumbuka. Baba Neema akirudi kutoka shambani Rungwe Mpya, mwambie tu nimepata mafua. Mbusu mwanangu nyayo zote mbili.

Siku nikifika, mlaze palepale mlangoni, kichwa upande wa jikoni kama siku ile. Ukiniona na magongo usilie, Mama. Nishike tu kwapani, nitampita juu hata kwa kutambaa.

Ni mimi mwanao,
Mama Neema